Sauti Waliyoisifu Wote

Kila siku ya kazi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, baba yangu mdogo alifungua mlango wa nyuma, akaketi kwenye ngazi ya saruji inayoshukia uani, akawasha sigara. Alivuta mara mbili, akakohoa mpaka kifua kikatulia, kisha akaugeukia ukuta wa jirani na kuusomea majina ya vituo kumi na vitatu vya njia ya kaskazini, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ile ile ya kazini. Akimaliza alisukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akayatema kwenye mfereji, halafu akairudia sigara yake mpaka ikakaribia kumuunguza vidole. Mambo yote hayo aliyaita kupasha injini moto.

Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo upande huo. Niliishi kwao miaka sita na sikuwahi kutega saa ya kuniamsha. Fundi cherehani aliyekaa nyuma ya ukuta ule naye hakuwa nayo. Mara moja baba mdogo alikuwa likizo, akalala hadi jua likachomoza, na fundi cherehani akaja kugonga mlango akiwa na sindano bado zimechomekwa kifuani.

"Shemeji, umeniponza! Nguo za watu zimelala, na mimi nimelala."

"Treni ya leo imeahirishwa, shemeji," baba mdogo alimjibu kutoka kitandani. "Uongozi unaomba radhi kwa usumbufu."

Alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli. Maelfu ya watu waliijua sauti yake na hawakumjua mwenyewe; aliweza kusimama nyuma yao kwenye foleni ya mkate wakimzungumzia. Kibanda chake kilikuwa juu ya ofisi ya tiketi, unakipanda kwa ngazi kumi na nne za chuma. Ndani mlikuwa na meza, kiti kimoja, kipaza sauti chenye shingo ndefu alichokivisha leso ili kisinywe mate, na orodha ya treni iliyoandikwa kwa penseli ili ifutike upesi, maana treni zetu zilichelewa kila moja kwa namna yake. Kibia cha majivu kilikuwa kichwa cha pistoni. Dirisha lilitazama majukwaa manne, na kila Jumamosi alilifuta kwa gazeti lililoloweshwa. Gazeti lilitoka na rangi ya chai ya rangi, na hakuna mtu aliyeshangaa kwamba rangi hiyo ilitoka kinywani mwake.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuandikiwa na mtu. Namba ya jukwaa aliitaja mara mbili, mara ya pili polepole.

"Ya kwanza ni ya wenye haraka," aliniambia. "Ya pili ni ya mzee, na ya mama aliyebeba mtoto na furushi. Wale wakisikia ya kwanza wanaanza kuulizana wamesikia nini."

Pale stesheni walimwita Spika. Jina lilimkaa mpaka barua moja ya ofisi ikaja imeandikwa hivyo, naye akaipokea bila kulalamika.

Hakuanzia kibandani. Akiwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa mchukuzi wa mizigo, na ni huko alikojifunza sigara, kwa sababu ambayo nadhani ipo tu kwenye kazi za namna ile. Mnyapara wa wachukuzi hakutambua mapumziko. Alichotambua ni sigara. Anayevuta alikaa kwenye toroli dakika saba, mpaka sigara iishe. Asiyevuta hakuwa na sababu ya kukaa, kwa hiyo aliendelea kubeba. Wiki ya kwanza baba mdogo aliomba sigara kwa mwenzake, akaiwasha, akakaa nayo mkononi ikijiunguza yenyewe. Siku ya nne mnyapara akasimama mbele yake.

"Wewe bwana mdogo, unafukiza ubani?"

"Napumzika, mzee."

"Vuta, au beba."

Akavuta. Alitapika nyuma ya behewa, akarudi kukaa. "Sikutaka sigara," aliniambia miaka mingi baadaye. "Nilitaka kukaa." Mwaka ule haujaisha alikuwa anavuta ishirini kwa siku, na alipopandishwa kwenda kibandani, mahali ambapo kazi yenyewe ni ya kukaa, sigara zilipanda naye ngazi zote kumi na nne.

Alipandishwa kwa bahati. Mtangazaji wa zamani hakuja kazini siku moja, na mkuu wa stesheni akamsikia mchukuzi fulani akiwaita abiria kwa sauti iliyoikata kelele ya injini katikati. Mke wake, mama yangu mdogo, mpishi wa shule ya bweni, ameniambia mara nyingi sauti ile ilivyokuwa wakati huo: nyembamba, nyoofu, kama filimbi iliyotolewa kwenye boksi leo. Mimi sikuikuta. Niliyoikuta ilikuwa tayari imeshuka kidogo, sauti ya mtu mzima mwenye shughuli. Kisha, alipofikisha miaka hamsini na mitatu, ikaanza kukwaruza.

Ilianza kwenye msimu wa mvua, kwa hiyo tukasema ni mafua. Mafua yakaisha, mkwaruzo ukabaki. Ukiniuliza nani aliona kwanza kwamba sauti ya baba mdogo imebadilika, nitakwambia ni kila mtu. Tuliona wote, na tukafurahi.

"Spika, leo umemeza kokoto?" mkata tiketi alimpigia kelele kutoka chini ya ngazi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa droo za tiketi.

"Kokoto ndizo zinazobeba reli, dada. Ukiziondoa, treni inalala chali."

Mkuu wa stesheni alisema sauti imepata mamlaka. "Zamani ulikuwa unawaomba watu wapande. Sasa unawaamuru." Abiria mmoja aliandika barua ya kumshukuru kwa sauti nzito yenye kutuliza moyo, naye akaibandika ukutani karibu na orodha ya treni. Mama mdogo naye, nyumbani, alikuwa akijifanya hamsikii ili arudie kusema. Na alfajiri, kutoka kitandani, nilimsikia akiyashusha majina ya vituo chini zaidi, kila siku chini kidogo, kama mtu anayetafuta kwa mguu sakafu ya kisima. Jina la kituo cha kumi na tatu alilisema mara mbili, mara tatu. Halikuwa zoezi tena. Alikuwa anajisikiliza.

Mimi ni mkutubi wa chuo, na kazi ya mkutubi ni kujua kitu kiko ukurasa gani. Mwezi wa tatu wa ule mkwaruzo nilikuwa napanga vijitabu vya afya vilivyoletwa kwa katoni, nikasoma sentensi moja nikiwa nimesimama: sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, na hasa kwa mvutaji, mtu aende akaangaliwe koo. Niliisoma mara mbili. Nikakibeba kijitabu hicho nyumbani ndani ya mkoba. Mtu mwingine angemwambia baba yake mdogo mbele ya chakula, lakini mimi kumwambia mtu mzima jambo linalohusu mwili wake kulinishinda. Nikakiweka mezani karibu na redio, kimefunguka ukurasa ule ule, nikaenda kulala.

Asubuhi nilikuta birika la chai limewekwa juu yake. Nikakirudisha maktaba kikiwa na duara la kahawia katikati ya ukurasa.

Baadaye ndipo sikio lilipoanza. Alisema kuna mdudu sikio la kushoto, halafu akasema ni upepo wa dirisha la kibandani, halafu akaenda zahanati. Walimulika sikio, wakaliona safi, wakampa dawa ya matone. Alidondoshewa matone miezi miwili. Mama mdogo alimlaza kichwa mapajani kila jioni, akamdondoshea, na baba mdogo akasema anasikia nafuu, kwa kuwa mapajani pa mkewe palikuwa pazuri. Alikuwa ameanza kula polepole. Mkate aliuchovya, nyama akaisukuma pembeni ya sahani akisema meno yamezeeka. Sote tulikuwa tunaangalia sikio na meno.

Aliyelijua tatizo alikuwa msafiri. Habari hii ninayo kutoka kwa mkata tiketi, aliyekuwa amepanda kibandani kupeleka chai saa nne asubuhi. Mlango uligongwa, akaingia mwanamke wa makamo amebeba sanduku dogo, anahema kwa ngazi.

"Nani anatangaza hapa?"

"Ni mimi, mama. Karibu sana. Wengi huja."

"Huja kufanya nini?"

"Kunishukuru kwa sauti."

Mgeni hakucheka. Aliweka sanduku chini. "Sauti hii unayo tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, mama."

"Si hiyo. Hii."

Baba mdogo akafikiri. "Tangu mvua za mwaka jana."

"Sikio linakuuma?"

Mkata tiketi anasema hapo ndipo Spika alipoiweka sigara kwenye kibia, polepole, kama kitu cha kioo. "Umejuaje?"

"La upande gani?"

"Kushoto."

"Na kumeza?"

"Mkate unakwama. Nausindikiza na chai."

Mwanamke yule alikuwa daktari wa koo, anarudi kazini kutoka msibani. Alikuwa amekaa kwenye benchi la jukwaani, akasikia tangazo la treni yake, na badala ya kusikia namba ya jukwaa akasikia ugonjwa. Alichukua penseli ya mezani, akaandika kwenye ukingo wa orodha ya treni jina la hospitali, siku, na namba ya chumba.

"Njoo Jumatatu," alisema. "Nisisikie Jumatatu ya wiki nyingine. Na treni yangu ni jukwaa gani? Sikukusikiliza."

"La tatu," alisema baba mdogo. Na akiwa ameshafika mlangoni, akamwambia tena, polepole: "La tatu."

Tulikwenda watatu. Daktari alimpitishia puani mrija mwembamba wenye taa, machozi yakamtoka baba mdogo bila yeye kulia. Kisha akatuketisha, akachora koo kwenye karatasi, mbele yetu, kama fundi anayeeleza bomba la nyumba. Hiki ndicho kisanduku cha sauti. Hizi ndizo nyuzi mbili zinazogusana ili mtu aseme. Uvimbe ulianzia kwenye uzi wa kushoto, umevuka kwenda wa pili, umeingia kwenye gegedu. Uzi wa kushoto haujongei tena. Sikio halina kosa lolote. Mshipa unaopeleka maumivu ya koo hupita jirani na wa sikio, na ubongo huchanganya anwani.

"Lakini nina kikohozi cha kawaida tu," alisema baba mdogo. "Cha asubuhi. Napasha injini."

"Baba, nisikilize. Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo, macho hayavioni. Kazi yake ni kufagia. Vinafagia makohozi na vumbi kwenda juu, mchana na usiku, wewe hujui. Moshi unavilaza. Ukiendelea miaka, unaviua. Ufagio ukifa, taka inabaki, na mwili hauna njia nyingine ila kukohoa. Hukuwa unapasha injini. Ulikuwa unazoa taka kwa mikono."

Akamuuliza kuhusu pombe. Baba mdogo akasema Ijumaa na wenzake, si kila Ijumaa. Mama mdogo akatazama dari. Daktari akasema pombe na moshi vikikutana kooni hatari yake haijumlishwi, inazidishwa.

Halafu akasema lile ambalo sikuweza kulisahau. Saratani ya kwenye nyuzi za sauti, alisema, ni katika zile chache zenye adabu ya kupiga hodi. Ikiwa bado ndogo kama punje ya mtama, tayari sauti imebadilika. Mtu akija wakati huo, mara nyingi huchomwa mionzi wiki kadhaa, akarudi nyumbani na sauti yake. Sasa mionzi peke yake haitoshi. Kisanduku chote kitolewe, na apumulie tundu shingoni.

"Na nitatangaza vipi?"

"Hutatangaza, baba."

"Na nikikataa?"

"Utatangaza miezi michache. Kisha hutapumua."

Alikataa. Alikataa pale pale kwenye korido, akisema heshima zote kwa daktari lakini mtu asiye na sauti ni kinyago. Alikwenda kazini siku iliyofuata, na iliyofuata, na siku kumi zikapita. Daktari alikuwa amemsihi aende wodini kumwona mtu aliyekwisha kufanyiwa upasuaji huo, aone kwamba watu wanaishi. Alikubali kwenda kwa sababu hakutaka kuitwa mwoga. Nilimsindikiza. Tulimkuta mwanamume mmoja varandani, amekaa juani na pajama za hospitali, kitambaa kimening'inia shingoni. Alitusalimu kwa kuinua nyusi. Kisha akatazama huku na huku kama muuguzi yupo, akainua kile kitambaa, akatoa sigara mfukoni, akaiwasha kwa kiberiti, na kuiweka kwenye tundu la shingo. Kifua chake kikapanda. Moshi ukatoka pale pale.

Baba mdogo alisimama muda mrefu. Ningependa kuandika kwamba njiani kurudi aliitupa pakiti yake. Hakuitupa, alivuta mbili kabla hatujafika nyumbani, na ya pili akaiwasha kwa ile ya kwanza.

Aliyemgeuza alikuwa mama mdogo. Alikuwa anasugua sufuria, mgongo umetuelekea.

"Nimesikia unasema huwezi kuwa mume bila sauti."

"Sikusema mume. Nimesema mtu."

"Haya, mtu. Mimi sikuolewa na koo. Niliolewa na mtu mzima, koo likiwa ndani yake kama figo na bandama. Figo lako nimewahi kuliimbia?" Akageuka, povu hadi viwikoni. "Miaka ishirini na nane unaniambia treni inaondoka jukwaa gani. Nenda ukakatwe, urudi, ukae hapa kimya. Nitaongea mimi. Kwani sasa hivi anayeongea nani?"

Baba mdogo alicheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi, na kwenye leso palikuwa na damu. Jumatatu akaenda kujiandikisha.

Siku yake ya mwisho kibandani alikataa sherehe. Mkuu wa stesheni alitaka aage kwenye kipaza sauti, akasema abiria wamelipa nauli ya kusikia treni, si ya kusikia habari za koo lake. Alitangaza treni zote za zamu yake, na kila jukwaa mara mbili. Mkata tiketi alifunga dirisha lake dakika tano, jambo ambalo haruhusiwi, akasimama jukwaani akisikiliza na watu wakampita na mabegi. Wachukuzi waliokuwa kwenye mapumziko yao ya sigara waliinuka kutoka kwenye toroli. Walizishika sigara zao chini, pembeni ya mapaja, kwa heshima.

Asubuhi ya upasuaji alikuwa kitandani hospitalini, ameshavishwa kanzu ile inayofungwa nyuma. Tulikuwa tumemzunguka tukisubiri neno, na yeye alilijua hilo, nadhani lilimkera. Kwenye kona kulikuwa na sinki linalodondosha maji. Wauguzi walipokuja na kitanda cha magurudumu alimtazama mkewe akasema, "Hebu funga lile bomba." Mama mdogo akaenda kulifunga. Aliporudi walikuwa wameshamtoa nje.

Sikujua kuna mambo mangapi ambayo mtu hufanya kwa pumzi ya mdomoni. Hakuweza tena kupuliza chai ikapoa. Hakuweza kupenga kamasi, kupiga mluzi, kuzima kibatari. Hewa haikupita tena puani, kwa hiyo hakunusa: maziwa yaliyochacha aliyanywa, na chungu kiliungua akiwa amekaa kando yake anasoma gazeti. Kuoga kulikuwa kwa hadhari, maji yasiingie shingoni. Alikohoa kwa tundu na kujifuta shingo, na mwanzoni alikwenda kufanyia hivyo chooni. Kicheko ndicho kilichoniuma kuliko yote. Mabega yalitikisika, macho yakajaa, mdomo ukafunguka, na hakuna kitu.

Walimpa kifaa kama tochi cha kubana shingoni kinachotoa mlio, ukachezesha midomo mlio ukawa maneno. Alikijaribu siku tatu. Ya nne akaandika kwenye kibao chake cheupe: *Naongea kama mashine ya kunyolea.* Akakitia droo.

Sigara aliacha kwa lazima, lakini mwili wake haukuwa na habari. Mwezi wa pili tangu atoke hospitali, mama mdogo alirudi kutoka shuleni mchana akamkuta amekaa kitandani, ameshika sigara isiyowashwa chini ya pua, macho amefumba, kifua kinajaribu kuvuta kwa njia ambayo haipo tena. Alipomwona mkewe aliandika: *Hata harufu.* Mama mdogo akaketi kando yake.

Stesheni hawakumtupa. Walimpa stoo ya vitu vilivyopotea, chini ya ngazi zile zile. Kibandani aliwekwa kijana wa kike mwenye sauti safi, anayetaja jukwaa mara moja tu. Baba mdogo aliwahi kupanda na kibao chake kumweleza kanuni ya mara mbili, na binti akasema "Sawa, mzee," kwa adabu kabisa, na akaendelea kutaja mara moja.

Kwa mwaka na miezi miwili tuliamini upasuaji umetosha. Kisha akaanza kukonda, na picha ya kifua ikaonyesha vivuli viwili kwenye pafu la kulia. Daktari yule yule alitueleza, na safari hii hakuchora. Alisema watampa dawa za kupunguza maumivu na kumsaidia kupumua. Hakutaja kuponya. Baba mdogo aliandika kuuliza kama anaweza kuendelea na kazi, daktari akasema aendelee maadamu miguu inamchukua.

Miguu ilimchukua miezi mitatu mingine. Ilikuwa mwishoni mwa miezi hiyo, mchana, nilipotoka maktaba mapema nikampitia stoo ili turudi pamoja. Alikuwa anafunga vikaratasi kwenye miavuli, tarehe na namba ya behewa, kwa mwandiko wake wa penseli uliosimama wima. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba, kitambaa kinacheza. Nilikaa juu ya sanduku la mtu aliyesahau sanduku. Juu yetu yule binti alitangaza treni ya saa tisa, na baba mdogo akasimamisha mikono kusikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea.

Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu siku daktari alipotaja punje ya mtama. Sikutaka kumuuliza mgonjwa jambo la kunipa nafuu mimi. Lakini nilijua pia kwamba siku za kumuuliza zinakwisha, na kwamba mama mdogo na mkata tiketi na mkuu wa stesheni nao, kila mmoja kwa wakati wake, wanaamka nalo.

"Baba mdogo," nilisema, nikitazama miavuli. "Kama mmoja wetu angekwambia mwanzoni kabisa kwamba ile sauti ni ugonjwa, badala ya kukusifia, ungekwenda?"

Aliweka mwavuli chini. Alichukua kibao, akakifuta vizuri kwa kiganja ingawa hakikuwa na kitu, akaandika bila haraka, akanigeuzia.

*Nisingekwenda. Hata mimi nilikuwa naipenda.*